Rangi ya kwenye simu siyo rangi ya ukutani kwetu Mbeya

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mbeya, gazeti huwa analinunua mume wangu pale Kabwe akirudi kazini na usiku nalisoma mimi, na leo naomba nafasi niongelee jambo ambalo kuna watu wataliona dogo lakini mimi limenilia hela na kuninyima raha ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa karibu miezi minne, nalo ni rangi za ndani ya nyumba.

Mwaka jana mwezi wa sita ukurasa wenu wa makazi ulitushauri kwamba mtu anayetaka nyumba yake ionekane mpya bila kubomoa kitu apake kijivu sebuleni na nyeupe vyumbani, mkaweka na picha, sebule pana, dirisha limeshuka mpaka sakafuni, nje kunaonekana mnazi. Ilipendeza kweli. Nikaingia na mtandaoni nikakuta ni hivohivo, kijivu kila mahali, basi nikasema ndo hiyo. Siwalaumu nyinyi peke yenu. Ila ule mnazi ningeuangalia vizuri ningejua ile nyumba iko wapi, na jua linalopiga pale ni jua gani.

Sisi tunakaa Isyesye, tumehamia 2012. Sebule yetu ni mita 4 kwa 5, ina dirisha moja kubwa linalotazama kusini, na mbele ya dirisha kuna kibaraza ambacho bati lake tulilishusha chini kidogo ili mvua isipige ukuta, si mnajua mvua za huku. Kuta zilikuwa na ile rangi ya maziwa waliyokuwa wanapaka mafundi wengi miaka ile na ilikuwa imechoka, kwenye swichi pamejaa vidole, nyuma ya kochi pamechubuka, juu karibu na dari pamekuwa na wingu la moshi maana kwenye baridi tulikuwa tunaingiza jiko la mkaa ndani. (Hilo la jiko tumeacha, na naomba kila anayesoma aache, mkaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha unatoa hewa yenye sumu ambayo huioni wala huisikii harufu, na huku kwetu kila msimu wa baridi kuna familia zinalala haziamki.)

Basi mwezi wa saba nikaita fundi, nikamwonyesha picha kwenye simu nikamwambia nataka hii. Akaenda na ile simu dukani, muuzaji akaangalia kioo cha simu, akachanganya kwenye mashine, ndoo ya lita 20 ikaja na bodaboda. Kati yetu sisi watatu hakuna hata mmoja aliyeiona ile rangi kwenye mwanga wa mchana kabla haijapanda ukutani. Na simu yangu mimi huwa naongeza mwanga mpaka mwisho sababu macho yameanza kuchoka, kwahiyo hata hicho kijivu nilichokipenda hakikuwa kijivu chenyewe, ilikuwa ni taa ya simu.

Fundi kapaka siku mbili kamaliza. Ukuta ukiwa mbichi ulikuwa mzuri, ulipokauka ukaenda giza zaidi, rangi za maji nyingi ndo zilivyo, zikikauka zinakolea. Wiki iliyofuata mama yangu mzazi akaja kutoka Rungwe kwa ajili ya kliniki, akafika saa kumi jioni, akakaa na kitenge chake mabegani, akatazama juu kwenye taa, akaniuliza, mwanangu, umeme umekatika? Umeme ulikuwepo, tulikuwa hatujawasha tu kwa sababu jua lilikuwa bado liko nje. Nikawasha. Akaangalia kuta zote nne taratibu halafu akasema huku ndani mbona kama mvua inataka kunyesha. Mama yangu siyo mtu wa kukosoa nyumba ya mtu, hata ya mtoto wake, kwahiyo lile neno liliniingia.

Na ilikuwa kweli. Watoto walihama wenyewe bila kuambiwa, kazi za shule wakawa wanafanyia jikoni mezani, sababu jikoni kwetu dirisha linatazama kaskazini na kuna mwanga. Nikasema labda ni taa, nikanunua balbu mbili za LED, zile nyeupe sana zilizojaa madukani, kwenye boksi zimeandikwa 6500K. Ndo nikaharibu kabisa. Kijivu kikageuka bluu, ukimwangalia mtu usoni unaona kama mgonjwa. Nilikuja kujua baadae kwamba ile namba ndo inakwambia mwanga ni wa aina gani, 6500K ni mweupe wenye ubluu ndani yake, 3000K na 2700K ni wa njano kama wa zile balbu za zamani za waya, na ukuta uleule unabadilika sura ukibadilisha balbu. Hili peke yake lingenisaidia sana kama ningelijua kabla.

Sasa sikiliza mhariri, hapa ndo penye barua yangu yote. Mwezi wa nane mwishoni nikampata fundi mwingine, mzee mmoja wa Ilomba, ameanza kupaka rangi tangu kijana. Alipokuja hakuangalia ukuta kwanza. Alitoka nje akasimama uani, ilikuwa inakaribia saa saba mchana, akaniita, mama, njoo uone kivuli changu. Nikaenda. Kivuli chake kilikuwa kifupi, na kilikuwa kimeangukia upande wa kusini, upande lilipo dirisha langu la sebule. Akasema jua liko mgongoni mwa hii nyumba, hapa mbele haliingii, na wewe umeenda kupaka wingu.

Nimekaa Mbeya miaka yote hii nikijua jua linatoka mashariki linazama magharibi basi, sikuwahi kufikiria mchana linapitia upande gani. Mbeya tuko kama digrii 9 kusini mwa ikweta. Maana yake kuanzia mwishoni mwa mwezi wa pili mpaka katikati ya mwezi wa kumi jua la mchana linapita kaskazini yetu, na tarehe 21 mwezi wa sita ndo linakuwa limeenda mbali kabisa, kipindi hichohicho cha baridi kali. Linahamia kusini kuanzia katikati ya mwezi wa kumi mpaka wa pili, na sehemu kubwa ya hiyo miezi huku kwetu imejaa mawingu na mvua. Kwahiyo dirisha la kusini linakosa mara mbili, wakati wa baridi jua halipo upande wake, na jua likija upande wake wingu limetanda. Na ukiongeza kibaraza chenye bati lililoshuka ndo unapata sebule yangu. Kwa wanaokaa mjini kati ni rahisi, mlima Loleza uko kaskazini, dirisha linalotazama Loleza ndo linaloona jua la mwezi wa saba. Iringa, Njombe, Mafinga na Makete habari ni hiyohiyo, zinapishana siku chache tu.

Na hapa ndo watu wengi tunapotea bila kujua, maana ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa Uingereza na Marekani, na kule wanasema chumba kinachotazama kaskazini ndo cha baridi kiwekewe rangi za joto, yaani zenye unjano au wekundu ndani yake, na cha kusini ndo chenye jua. Kwao ni sahihi kabisa, wao wako kaskazini mwa ikweta. Huku kwetu ni kinyume chake. Mtu wa Mbeya akiufuata vilevile ulivyo anapaka rangi ya ubaridi, kama kijivu au bluu, chumba cha baridi na rangi ya joto chumba ambacho tayari kina jua, halafu anabaki anashangaa mbona nyumba ya kwenye picha haikuwa hivi.

Niseme pia ukweli, rangi haipashi chumba joto. Ukiweka kipimajoto sebuleni kwangu leo na mwaka jana digrii ni zilezile. Kinachobadilika ni mwanga unaorudi kutoka ukutani na mtu anavyojisikia akikaa pale. Kuna kadi za rangi zina namba imeandikwa LRV, inaanzia 0 mpaka 100, ndo inayoonyesha ukuta utarudisha mwanga kiasi gani, nyeupe nyingi ziko juu ya 80. Kijivu changu kilikuwa 38, niliikuta kwenye kadi nimeshalipa. Yaani ule mwanga mdogo unaopita chini ya bati la kibaraza, zaidi ya nusu yake ukuta ulikuwa unaumeza.

Jirani akaniambia basi paka nyeupe yaishe. Nilifikiria. Lakini nyeupe tupu kwenye chumba kisicho na jua inakuwa ya kijivukijivu, inakosa uhai, nenda kaangalie zahanati yoyote saa kumi na moja jioni kabla hawajawasha taa. Na barabara ya mtaani kwetu haina lami, kiangazi kile kivumbi chekundu kinaingia hata dirisha likiwa limefungwa, nyeupe ya watoto watatu ungeifuta mpaka lini.

Mzee wa Ilomba hakunichagulia rangi, na hilo namshukuru nalo. Alinituma nikanunue karatasi za manila nne, zile za watoto wa shule, na rangi kopo dogodogo. Manila zilikuwa rahisi. Makopo madogo ndo yalinitembeza, Mwanjelwa niliingia maduka matatu wanasema mashine haichanganyi chini ya lita 4, duka la nne wakanikubalia lita moja moja. Nikachukua tatu. Ya kwanza ilikuwa njano iliyopauka sana, ukitaka kuijua menya kiazi mviringo ukiangalie kabla hakijaingia kwenye maji, ndo hiyo. Ya pili ilikuwa kama nyama ya fyulisi lililoiva. Ya tatu rangi ya udongo, tofali la kuchoma lililopigwa na jua miaka mingi.

Nikapaka kila manila mikono miwili, mkono wa kwanza ukauke kwanza ndo upake wa pili, sababu mkono mmoja unadanganya, karatasi inaonekana kwa chini. Manila ya nne nikaipaka kile kijivu kilichobaki ili niwe na cha kulinganishia. Halafu kazi yenyewe, na hii ndo nawaomba wasomaji waifanye, usiiweke sehemu moja ukaiacha. Nilikuwa naihamisha, nikaibandika ukuta wa dirisha, kesho yake ukuta unaotazama dirisha, kesho yake kwenye kona ya mlango, naiangalia saa moja asubuhi, saa sita, saa kumi jioni na saa mbili usiku taa ikiwa inawaka, naandika kwenye daftari. Siku sita. Mume wangu mwanzoni alikuwa anaona kama napoteza muda, siku ya tatu yeye ndo akawa ananiita, njoo uone saa hizi ilivyo.

Tuliyoyaona tusingeyaona dukani hata tungekaa wiki nzima. Ukuta wenye dirisha ndo wenye giza kuliko zote, kwa sababu mwanga unaingia ukiupa mgongo, rangi ileile pale inaonekana imekolea kuliko ukuta wa mbele yake. Fyulisi mchana ilikuwa nzuri kupita zote, watoto waliichagua, lakini usiku chini ya balbu ya 3000K ikageuka chungwa, chumba kizima kingekuwa kama kinawaka moto. Ya udongo ilipendeza juu ila ukiishusha karibu na sakafu ilizidi wekundu, sakafu yangu ni simenti ya oksaidi nyekundu inayopigwa polishi na inarusha wekundu wake ukutani kama nusu mita hivi, sikuwahi kuligundua hilo miaka yote. Ya kiazi ndo ilitulia. Asubuhi ilikuwa nyepesi, jioni ilikuwa na joto kidogo, usiku haikubadilika sana. Kadi yake inasema LRV 74.

Tukapaka mwezi wa kumi mwishoni. Ukuta mmoja mdogo, ule wa kwenye meza ya chakula, tukaupa rangi ya udongo kwa sababu niliipenda na pale hapafiki sakafuni, kuna kabati chini. Sitasema mengi, ila saa kumi na moja jioni sebuleni kwangu sasa hivi mtu anasoma gazeti bila taa, na hili lenu nimelisomea hapohapo.

Sasa kuna watu watasema basi kijivu ni rangi mbaya, hapana, na hapa nina ushahidi. Ndoo yangu ya kijivu ilibaki kama nusu, tuliifunga vizuri haikuharibika. Mdogo wangu anakaa Iringa, Kihesa, sebule yake inatazama magharibi haina kibaraza, kuanzia saa tisa jua linaingia lote mpaka kwenye kabati la vyombo, mapazia yake yamepauka mstari mmoja mmoja. Alipoona picha za kwangu akataka ya kiazi. Nikamwambia mdogo wangu paka manila kwanza. Akapaka, saa kumi ikawaka njano mpaka anafumba macho. Nikamtumia kile kijivu kwa basi, akajaribu, jua la jioni likaingia kikawa kama jiwe la mtoni, laini, kinatuliza. Ndo kiko ukutani kwake mpaka leo. Ndoo ileile mhariri, iliyofanya mama yangu aulize kama umeme umekatika.

Na kwa mama mwenyewe Rungwe ni hadithi nyingine, yeye kuta zake ni nyeupe lakini migomba imefika mpaka dirishani, mwanga unaoingia unapitia kwenye majani na ukuta unakuwa na ukijani kidogo mchana kutwa. Pale mtu akitaka kijani cha ukutani ajue nusu ya kijani ameshapewa na migomba.

Huko Rungwe ndo nikamkumbuka bibi, mama yake mama. Nyumba yake ilikuwa ya kukandika, na kila kiangazi baada ya mavuno alikuwa anaisiriba upya ndani na nje, udongo mweupe juu, chini anapitisha mwekundu uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe na majivu, na pembeni ya mlango anachora kwa vidole vitatu mistari inapanda inashuka. Sisi wajukuu tulikuwa tunabeba udongo. Nakumbuka alikuwa hapaki siku hiyohiyo. Anachota kiganja kimoja, anabandika kando ya mlango kwa ndani, anaondoka, mpaka kesho. Tukimuuliza bibi mbona unaacha, anasema udongo mbichi hausemi kweli. Kesho yake ukishakauka ndo anauangalia, akiona umepauka sana anaongeza mwekundu, akiona sawa ndo tunaanza. Sasa mimi mjukuu wake niliyesoma nikapaka sebule nzima kwa kuangalia kioo cha simu.

Kuna mambo mengine ya ufundi nayaweka haraka maana yalinigharimu pia. Fundi wa kwanza aliniambia sebule inataka ndoo mbili za lita 20, nikamgomea nikanunua moja na hiyo moja ikabaki nusu. Hesabu yake siyo ngumu, jumlisha urefu wa kuta zote nne, zidisha na kimo, toa mlango na madirisha. Kwangu ni mita 18 mara 3, inakuwa 54, ukitoa mlango na dirisha inabaki 48 hivi. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili ni 96, kwahiyo lita 10 zinatosha. Ukuta wa plasta ambao haujapigwa skimu unakunywa zaidi, ongeza. Na rangi ya kuchanganya nunua yote kwa mara moja, kama ni makopo kadhaa yamimine pamoja kwenye ndoo moja kubwa uyakoroge, maana leo na kesho mashine hiyohiyo inaweza kukupa rangi zilizopishana kidogo na ukutani inaonekana.

Baridi yetu nayo ina mambo yake. Ndoo yangu ilikuwa imeandikwa isipakwe kukiwa na baridi chini ya digrii 10, na mwezi wa saba Mbeya asubuhi mara nyingi tuko chini ya hapo, fundi wa kwanza alikuwa anaanza saa moja ili awahi kazi nyingine, na ile kona ya kusini ilianza kutoka magamba mwezi wa tisa. Mzee wa Ilomba alikuwa anaanza saa nne jua likishapasha ukuta, saa tisa anaosha rola. Pia pale nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu mweusi, wengi tunaupaka rangi juu tunasema umeisha, hauishi, unatokea tena. Tuliuosha kwa jiki na maji, tukaacha pakauke siku tatu madirisha wazi, tukasogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani hewa ipite. Na wanaojenga sasa hivi, plasta mpya iacheni angalau wiki nne, na mvua za Tukuyu zaidi ya hapo, simenti mbichi ina chumvi inayotoka kama unga mweupe na kubandua rangi yote.

La watoto siwezi kuliacha. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano na nyekundu kali, ndo zimekutwa mara nyingi na madini ya risasi mengi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kiwango wanachopendekeza kwenye rangi kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Kwahiyo kama una milango au madirisha ya rangi ya zamani usimwache fundi apige msasa mkavu watoto wakiwa wanacheza pale, loweka kwanza, msasa uwe na maji, vumbi lifutwe kwa tambara bichi siyo kwa ufagio. Na ukinunua mpya tafuta kwenye kopo maandishi kwamba haina risasi, na alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania.

Ombi langu kwako mhariri ni moja na nalisema kwa heshima, ukurasa wa makazi ni mzuri, mimi huwa nauanza huo, lakini mkituandikia rangi tuandikieni na jua. Mwambieni msomaji achukue dakika moja asimame nje saa saba kasorobo mchana aone kivuli chake kimeangukia wapi, ndo arudi ndani kuangalia madirisha yake. Tumeni mwandishi aje apige picha nyumba za huku, za matofali ya kuchoma, zenye sakafu nyekundu na madirisha madogo ya kuzuia baridi, tuone wenzetu wamefanyaje. Na wenye maduka ya rangi wakisoma hapa naomba wafikirie kopo la lita moja au hata nusu lita kwa ajili ya kujaribia, mimi ningelipia bila kubisha, ingekuwa rahisi kuliko kupaka sebule mara mbili. Na mafundi, mkimaliza andikeni namba ya rangi kwa penseli nyuma ya mlango. Mzee wa Ilomba aliandika, na tarehe.

Hivi sasa tumefika kwenye chumba cha binti yangu mkubwa, kiko upande wa kaskazini, yeye anataka zambarau na baba yake hataki. Nimewaambia hakuna kubishana, manila mbili ziko ukutani, leo ni siku ya pili, na daftari nimempa yeye aandike.

Msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu,
Isyesye, Mbeya.